Siku Nilipomvua Baba Yako Buti

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaposikia kundi la watu linacheka. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, hapa hapa Keza, uani kwetu, nawe ukiwa na miezi minane na meno mawili. Siku hiyo baba yako alidhalilishwa mbele ya watu, na aliyemdhalilisha si adui aliyekwenda kupigana naye Uganda. Ni mimi, mke wake, niliyesoma mpaka kidato cha nne nikajiona nayajua mambo.

Utaniambia mama hujawa mzee wa kutoa nasaha. Ni kweli, sina mvi hata moja. Lakini nasaha hizi zilipaswa kutoka kwa wazee, na wazee walikaa nazo kifuani wakanyamaza mpaka zikanikuta nimeshaharibu. Kwa hiyo nazitoa mimi, na sitazitoa kwa upole, maana upole sina. Na wewe kijana mwingine uliyeokota karatasi hii usome, ukae hapo pembeni, nawe ni mwanangu.

Baba yako hakuzaliwa askari. Alikuwa mkulima wa migomba na maharage. Mgambo aliingia kwa sababu kila kijana wa kijiji aliingia, wakifanya gwaride na fimbo begani badala ya bunduki. Vita vilipoanza kule mpakani, majina yalisomwa mbele ya ofisi ya kijiji na la kwake likawa la nne. Aliondoka kwa lori, miguuni ana kandambili. Wakati najua kwamba nina mimba, lori lile lilikuwa limeshapita Lusahunga zamani na yeye hata sijui alikuwa wapi, yu hai au la. Mimba yako iliingia juma lile la mwisho kabla hajaondoka. Halafu ukachelewa kutoka siku kadhaa, ukanitia mdomoni mwa watu.

Walihesabu kwa vidole. Mama Adelina, jirani yetu wa upande wa kisimani, hakuona haya hata kuhesabu mbele yangu.

"Hivi Gervas aliondoka lini vile?"

"Unajua lini, Mama Adelina. Ulikuwepo."

"Nauliza tu, mwenzangu. Maana vidole vyangu vimekwisha na mtoto ndiyo kwanza amezaliwa."

Ukoo wa baba yako una desturi yake. Mtoto hatajwi jina mpaka baba akanyage ndizi. Unajua zinavyofanywa: ndizi zinaivishwa shimoni siku nne au tano, zinamenywa, zinatiwa pamoja na majani makavu ndani ya ule mtumbwi mkubwa wa mti, na wanaume wanazikanyaga kwa miguu mpaka juisi itoke, ile ambayo baadaye inachachushwa kwa mtama kuwa rubisi. Mwanamke haingizi mguu humo. Kwenye mtumbwi wa mtoto, mguu wa kwanza ni wa baba. Akishakanyaga, bibi anachovya kidole, anamgusisha mtoto midomo, na baba anataja jina mbele ya watu wote. Baba asipokanyaga hakuna atakayesema neno. Watanyamaza tu, na mtoto atakua huku kila mtu anajua kwamba ni wa nje. Hatapewa shamba, na siku ya msiba wa ukoo atawekwa nyuma pamoja na wageni.

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi mwaka mzima. Sikuogopa baba yako asirudi kama nilivyoogopa asikanyage. Nakwambia hivyo ujue mama yako ni mtu wa namna gani.

Akarudi. Kijiji kilimpokea kwa ngoma, mwenyekiti akahutubia mpaka jua likageuka, mashujaa, mashujaa, watoto wa shule wakaimba. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu jina lake lilisomwa pamoja na ya wengine kwenda kupalilia shamba la kijiji. Alipopalilia mistari miwili akakaa chini, na aliyekuwa na daftari akamwandika mtoro. Shujaa wa Ijumaa alikuwa mtoro wa Jumatatu. Zahanati walimpa vidonge vya kichwa, bila kumwambia hata avue viatu wamtazame. Sijasamehe hata mmoja katika hao, na sitaki kufundishwa kuwasamehe.

Lakini mimi nilifanya vibaya zaidi yao, kwa sababu mimi nilikuwa naye ndani.

Alirudi na buti za jeshi na hakuzivua. Shambani buti, kanisani buti. Akilala anafunga miguu kwa matambara na soksi, nikadhani ni mazoea ya jeshini. Kuoga alishuka mtoni peke yake na kupanda akiwa ameshafunga kamba. Nyama hakula tena. Alikaa ameegemea ukuta, hakukaa mahali ambapo mtu angepita nyuma yake. Haya yote niliyaona kwa macho yangu mawili. Nilimuuliza mara moja tu.

"Mbona huvui buti?"

"Nimezizoea."

Basi, nikaridhika. Wanaume wakasema Gervas amekuwa bwana mkubwa, udongo wa Keza haufai tena kwa miguu yake, nami moyoni nikawaunga mkono. Nikajisemea, mwenzangu ameona miji ya watu, sasa anatuona washamba.

Mama mkwe alipotenga ndizi za kwako, mikungu sita, baba yako alisema Gosbert, mdogo wake, ndiye akanyage.

Nilikuwa nachambua maharage. Nikaweka ungo chini. "Mtoto ni wa Gosbert?"

Aliinama akakaza kamba za buti zake.

"Nakuuliza, Gervas. Kama si wako useme leo, nifunge nguo zangu niende kwetu. Usiniache nisemwe na Mama Adelina mpaka nakufa."

Alinitazama muda mrefu. Alikuwa na namna mpya ya kumtazama mtu, kama vile anakuona kutoka mbali sana. Akasema, "Nitakanyaga." Na mimi nikarudia maharage yangu, nimefurahi. Nimefurahi, mwanangu. Naandika neno hilo na silifuti.

Jumapili ile uani palijaa. Mzee Baranyikwa, mdogo wa babu yake baba yako, alikuja mapema na kigoda chake, akakiweka karibu na mtumbwi kabisa. Huyu mzee katika ujana wake Waingereza walimpeleka Burma kupigana vita vyao, na jambo hilo tulilijua kama tunavyojua kwamba mtu fulani ana mbuzi wanne. Hakuwahi kulisimulia. Mimi alizoea kunitania.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Huyu Gervas ukimchoka nipo."

"Babu, wewe meno yako yako wapi?"

"Nimeyaweka akiba ya mahari."

Watu wakacheka, hali ikawa nzuri. Ndizi zilikuwa zimeshamenywa, zimetiwa, zimelainika zinanata. Gosbert na wenzake watatu walikuwa wameosha miguu wamekunja suruali, wanamngoja baba yako atangulie. Baba yako alikuja akasimama kando ya mtumbwi na buti zake.

Dakika ikapita. Mtu akasema, "Bwana askari, vua. Ndizi hazina risasi."

Mwingine akadakia, "Mwacheni, anasubiri amri. Jeshini hawavui bila amri."

Nikamtazama Mama Adelina. Hakuwa akicheka. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, na vidole vyake alikuwa amevikunja juu ya mapaja kama mtu aliye tayari kuhesabu. Damu ikanipanda. Nilikuwa nimekubeba mgongoni. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya baba yako, mbele ya wote, nikaanza kufungua zile kamba mimi mwenyewe.

Hakunizuia. Alinishika bega tu, kwa uzito, kama mtu anayeshikilia kitu asianguke. Alisema jina langu mara moja, polepole. Nikaendelea. Kamba zilikuwa zimekauka kwa tope la siku nyingi, nikazivuta kwa meno. Nikavua buti ya kwanza, nikavua ya pili, nikavuta soksi, na soksi ikaja na ngozi.

Nitakueleza miguu ile, maana watu wengi wanaozungumzia vita hawaizungumzii. Nyayo zilikuwa nyeupe, zimevimba, zimechanikachanika. Kucha hazikuwepo hata moja. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeusi na kimoja hakikuwepo kabisa. Kisigino kilikuwa na tundu ambamo mbegu ya maharage ingekaa. Na harufu, hiyo siielezi.

"Hii miguu au mihogo iliyolowekwa?" mtu akasema, na uani pote pakacheka.

Hapa usinihurumie, mwanangu. Ningeweza kuishia hapo. Niliiona miguu ile kabla ya mtu mwingine yeyote, nilikuwa nimeishika mikononi. Ningeweza kuifunika kwa kanga yangu, nikasimama, nikawafukuza wote uani. Sikufanya hivyo. Niliwaza ndizi, niliwaza Mama Adelina, nikasema, "Ingia."

Akaingia.

Alikanyaga mara tatu. Unajua sauti ya ndizi zilizoiva zikikanyagwa, zinavyoteleza na kupasuka na kupanda katikati ya vidole. Mara ya tatu alisimama. Akainamisha macho akatazama miguu yake. Alitapika pembeni, nje ya mtumbwi, akatoka kwa kuanguka, akainuka na kwenda nyuma ya nyumba, anachechemea, anaburuza majani yaliyoganda miguuni.

"Ameogopa ndizi," mtu akasema. "Sasa kule Uganda alipigana na nini?"

Kicheko kilikuwa kinaanza tena ndipo Mzee Baranyikwa akagonga mtumbwi kwa fimbo yake. Aligonga mara moja tu.

"Paskazia," akasema. Hakuniita mke wangu. "Huyu kijana amekaa na wewe miezi miwili. Chakula chake unakijua, nguo zake unazijua. Miguu yake umeiona lini?"

"Leo, Babu."

"Leo. Pamoja na sisi. Wewe na jirani mmeiona saa ile ile." Akaelekeza fimbo kwenye zile buti. "Mke anaona kabla ya jirani. Wewe umemleta atazamwe, kama ng'ombe wa mnadani."

Nilipaswa kuinamisha kichwa niombe radhi, ndivyo nilivyofundishwa. Lakini hasira ilikuwa imenijaa na ilikuwa haina pa kwenda, ikaenda kwake.

"Na wewe, Babu, ulikuwa unaijua? Ulikwenda vita. Umekaa naye kwenye kigoda hicho hicho, umeona buti havui, ukaniambia nini? Umenitania kuhusu meno. Kama ulijua mbona hukusema?"

Watu walishtuka. Mama mkwe akanivuta kanga. Mzee yule alinitazama, kisha akainama, akavua kandambili yake ya tairi ya mguu wa kulia, akanyoosha mguu. Ule mguu tuliuona kila siku ukiwa ndani ya lile tairi pana na hatukuwahi kuutazama. Ulikuwa na vidole viwili.

"Nilijua," akasema. "Tangu siku aliyoshuka kwenye lori nilijua kwa anavyotembea. Niliporudi mimi hakuna aliyeniuliza, nikaona ndivyo inavyokuwa. Nikamwachia naye." Akavaa kandambili yake taratibu. "Kosa ni lako na ni langu. La kwangu ni kubwa. Nenda kwa mumeo."

Sijamshukuru kwa maneno yale mpaka leo, na ameshakufa. Ukweli aliousema mbele ya watu ungetufaa miezi miwili kabla. Lakini alisema, na wazee wengine waliokuwa wamekaa pale, ambao nao walikuwa na yao, walitazama chini.

Nilimkuta baba yako amekaa ameegemea ukuta wa nyuma, anajifuta miguu kwa majani. Nilikaa chini karibu naye. Sikumuuliza kwa nini. Nilisema, "Lete mguu." Nikauweka mapajani nikaanza kuondoa zile nyuzi za ndizi, moja moja. Wewe ulikuwa umelala mgongoni. Akaanza kuzungumza bila kunitazama.

Buti alizopewa zilikuwa ndogo namba mbili, hapakuwa na nyingine. Mvua zilianza nao wakiwa wanatembea. Siku kumi na moja hawakuvua kwa sababu hawakujua ni lini wangeambiwa waondoke. Walitembea, walilala ndani ya mahandaki yenye maji, wakatembea. Alipovua alicheka, anasema, ngozi iliyobanduka alidhani ni soksi za mtu mwingine. Asubuhi moja walipita kwenye shamba la migomba ambamo mabomu yalikuwa yameanguka usiku kucha, ukungu hauonyeshi mbele, na amri ilikuwa wasisimame. Chini palikuwa pananata, panateleza. Yeye ni mtu wa migomba. Akajiambia, ndizi zimeanguka zimeoza. Alitembea hivyo mwendo mrefu akijiambia ni ndizi. Ukungu ukainuka kidogo, akatazama chini.

"Hazikuwa ndizi," akasema.

Nikaendelea na mguu.

"Mmoja nilimjua. Thadeo, mtu wa Runazi. Jana yake tuligawana muhogo mmoja. Alikuwa amenipa soksi zake, akasema yeye miguu yake ni migumu." Akachomoa uzi mmoja wa ndizi yeye mwenyewe. "Nilipita juu yake, Paskazia. Amri ilikuwa tusisimame."

Sina la kukwambia kuhusu niliyoyasikia moyoni wakati ule. Nililia, lakini kulia hakukumsaidia mtu. Nikamwambia tuachane na mtumbwi, tuwafukuze, mimi nitasemwa basi. Akatikisa kichwa. Akanyanyuka akiwa peku, akaniambia nimpe mtoto.

Alirudi uani anatembea juu ya miguu ile, amekubeba. Hakuna aliyecheka. Alisimama mbali kidogo na mtumbwi.

"Nimekanyaga," akasema. "Mmehesabu?"

"Mara tatu," Mzee Baranyikwa akajibu. "Inatosha. Atakayesema haitoshi avue viatu vyake hapa tumwone."

Bibi yako akachovya kidole ndani ya juisi kidogo iliyokuwa imetoka, akakugusa midomo. Ulikunja uso. Watu wakangoja jina. Katika ukoo ule mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake, na jina hilo lilijulikana, wengine walikuwa wameshaanza kulinong'ona.

"Anaitwa Thadeo," baba yako akasema.

Halafu nikasikia. Thadeo ni nani? Kwa akina Gervas hakuna Thadeo. Kijijini hapa hakuna Thadeo. Nikamwona Mama Adelina anageuka kwa jirani yake, na nikajua, kama ninavyojua jina langu, kile anachosema: basi leo ametajwa mwenye mtoto. Mwaka mzima nilitaka kuziba mdomo ule. Nilimvua mume wangu buti ili kuuziba. Na sasa yeye mwenyewe, bila kujua, alikuwa ameufungua wazi upya kwa miaka yote ijayo, kwa neno moja.

Alinigeukia. Aliona usoni kwangu, maana hakuwa mjinga. Angelibadilisha kama ningesema. Bibi yako naye alikuwa ananikonyeza nikatae.

"Thadeo," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Ni jina zuri. Mtoto wa Gervas anaitwa Thadeo."

Ndizi zilizobaki walizikamua kwa mikono, baba yako akiwa miongoni mwao. Rubisi ilitoka chungu kidogo, wakainywa yote.

Basi, mwanangu, sikiliza ninachotaka ushike. Shuleni watakuuliza jina lako limetoka wapi, na watakaokuuliza watakuwa wamefundishwa jibu na mama zao. Wajibu kwamba limetoka Runazi, kwa mtu aliyempa baba yako soksi zake, na usiwaeleze zaidi kama hawakuuliza zaidi. Usipigane. Na anayerudi kutoka vitani, awe baba, awe kaka, awe wewe mwenyewe, asipokelewe kwa ngoma kabla hajatazamwa miguu. Usimuulize ameua wangapi. Usimuulize kwa nini hivi, kwa nini vile, kama karani wa mahakama. Mwambie alete mguu, uone kwa macho yako, uusafishe kwa maji ya moto na chumvi, halafu ukae kimya, atasema au hatasema. Aibu yako kwa majirani iweke mbali kabisa, kwa sababu ukiiweka karibu utamsukuma mtu aingie mahali ambapo ameshatoka mara moja kwa shida. Wanaokwita shujaa uwatazame Jumatatu. Na utakapozeeka na wewe ukawa unajua kitu kinachoumiza watu, kiseme mapema, usingoje kuulizwa, hata kama mdomo unatetemeka. Mzee anayenyamaza na jambo la kumwokoa mtu mimi simheshimu, shikamoo nampa kwa sababu ya umri tu.

Baba yako sasa anatembea peku uani. Nje ya ua bado anavaa, na hilo ni lake.

Mungu akulinde, Thadeo, usisomewe jina lako mbele ya ofisi yoyote. Kama litasomwa, akupe kiatu kinachokutosha, na mwenzako wa kugawana naye muhogo, na akurudishe nyumbani kwa mtu atakayekutazama kabla ya majirani. Miguu yako ikae mizima. Ukanyage ndizi za watoto wako ukicheka.